Teke la Kuku Halimuumizi Mwanawe

(Maneno ya wanachama waanzilishi, yaliyosomwa Matemwe siku kikundi chetu cha kuweka na kukopa kilipotimiza miaka 10)

Mheshimiwa mgeni rasmi, Sheha wetu, wazee wetu, akina mama wenzetu, na nyinyi wanetu mliokaa kule nyuma kama kwamba shughuli hii si yenu:

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha leo. Miaka 10 si mchezo. Tulianza na sanduku moja, kufuli tatu na daftari moja. Habari za hisa, mikopo na marejesho zimo katika risala ya katibu, hatuzirudii. Sisi waanzilishi tumeombwa tuseme la kwetu, na tumekubaliana tuseme habari za kuku. Msicheke. Mbele mtaona tunakokwenda.

Wengi wetu mkopo wa kwanza tuliochukua sandukuni tulinunulia kuku. Mwani una siku zake; lazima ungoje bamvua, maji yatoke. Kuku yupo uani kila siku. Basi kuku mwenye vifaranga sote tunamjua. Amelalia siku 21, hali vizuri, hanywi vizuri, amekonda. Vifaranga wakitoka, anakuwa mkali kama nini. Mwewe akipita juu, anapiga ukelele na wote wanaingia chini ya mbawa. Na kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Unguja kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka za mjini, wakamaliza taka wakahamia kwenye vifaranga vyetu, nao anapigana nao. Akipata mdudu hamli yeye. Anaita, wanakuja wao.

Halafu siku moja, baada ya wiki nane hivi, pengine kumi, mambo yanageuka. Kifaranga anakuja ubavuni kwa mama kama kawaida yake, anadonolewa kichwani. Anashangaa. Anarudi, anadonolewa tena, anafukuzwa mpaka ukutani. Watoto wetu wakiona hivyo huuliza: “Mama, kwani kuku kamchukia mwanawe?”

Hajamchukia. Wataalamu wa mifugo wanatueleza kwamba kuku akilalia, mwili wake unatoa kwa wingi kitu kinachoitwa prolaktini, na kutaga kunasimama. Akiwa na vifaranga wadogo, bado wanamchelewesha kurudi kutaga. Wakishakua, mwili unaanza kutengeneza mayai mengine. Hapo ndipo anapowadonoa. Na wao tayari wameshaota manyoya ya kutosha, baridi ya usiku wanaiweza, kuparura wanajua, na mwewe wanamjua. Anawafukuza wakiwa wameshafundishwa.

Sasa tuseme makosa yetu wenyewe. Kosa la kwanza lilikuwa haraka. Tulifundishwa kwamba kuku wetu wa kienyeji akiachiwa mwenyewe hutaga kama wiki mbili au tatu, hulalia tatu, hulea miezi miwili na zaidi. Ukijumlisha, ni vipindi vitatu tu kwa mwaka. Lakini vifaranga wakitengwa na mama wakiwa na wiki nne, akalishwa vizuri, anaweza kufika vinne, hata vitano. Sisi tulisikia hesabu ya mayai tu. Masharti hatukuyasikia. Tukawatoa vifaranga wana wiki mbili, tena masika, mvua usiku kucha. Hapana kandili, hapana boksi lenye makumbi makavu, chakula ni machicha ya nazi peke yake. Asubuhi tuliwakuta wamelundikana pembeni, wamekufa kwa baridi. Zaidi ya nusu walikwenda. Mwenzetu mmoja alikuwa na mkopo juu ya kuku wale. Alilia mbele ya kikao, na sisi tulionunua kwa hesabu ile ile tulikuwa hatuna la kumwambia.

Kosa la pili lilikuwa kung’ang’ania. Mwaka uliofuata, kwa hofu, tuliwafungia mama na vifaranga pamoja katika banda dogo, miezi mitatu na kupita. Tulidhani ndio kuwalinda. Kumbe mama siku yake ilikwishafika. Uani kuku akimdonoa mwanawe, mwana anakimbia hatua mbili tatu, yamekwisha. Ndio maana wazee wakasema teke la kuku halimuumizi mwanawe. Lakini bandani hana pa kukimbilia. Anadonolewa pale pale, mpaka kichwa kinatoka damu, na kuku wakiona damu nao wanakuja kudonoa. Tulifungua banda, ugomvi ukesha siku ile ile. Kuku hakuwa na kosa. Banda ndilo lililokuwa dogo.

Tangu hapo tunajua. Tunangoja wiki nne zitimie, na masika tunangoja zaidi. Tunaweka joto, tunachanganya pumba na dagaa wa kusaga, na tone la dawa ya kideri jichoni kila miezi mitatu. Na siku za bamvua, tukiwa sote pwani, mmoja anabaki kuangalia vifaranga.

Sasa tunafika tunakokwenda. Wanetu, mwaka huu mmetujia mkasema mnataka sanduku lenu. Baadhi yetu tulijibu vibaya. Tulisema mnatukimbia. Tulisema nani kakufundisheni kuhesabu hisa kama si sisi. Yakatoka maneno mpaka kisimani na mpaka kwenye shughuli za harusi, mama na mwana wakawa hawasemeshani. Hayo yalitokea, hatuyafichi kwa sababu ya sherehe.

Tumekaa tukafikiri. Kikundi cha namna hii hakifai kuzidi watu 30. Kikizidi, kikao hakimaliziki na mkopo haumfikii mtu kwa wakati. Sisi tumeshajaa. Nyinyi mnataka mikopo mikubwa ya cherehani na biashara ya mboga za mahoteli. Sisi bado tunataka midogo ya pegi na kamba za mwani. Kila kikao tunadonoana. Kumbe ni lile lile banda.

Kwa hiyo mbele ya Sheha na mgeni rasmi tunasema haya. Mgao wa mwaka huu ukishatoka, chukueni hisa zenu kamili na mfungue sanduku lenu. Hatutaki muondoke kabla ya mgao, kwa sababu mkitoka katikati na mikopo haijarudi, mtakuwa vifaranga wa wiki mbili. Mwenzetu mmoja anayejua daftari atakaa nanyi mzunguko mmoja, bila ya kura na bila ya ufunguo. Mfuko wa jamii wa maradhi na misiba, huo tutachangia pamoja mwaka wa kwanza, mpaka wenu upate nguvu. Baada ya hapo, msije kuuliza kwetu kila jambo. Tutakudonoeni.

Na nyinyi akina mama wenzetu mnaoumia: kuku akishamaliza kulea, hakai akilia. Anarudi kutaga. Sisi nasi nafasi zao zikibaki wazi tutaingiza wengine, maana wapo wanaongoja tangu mwaka juzi.

Wanetu, uani ni pamoja. Mkigombana na sisi kidogo, kimbieni hatua mbili tatu, kisha mrudi mle.

Mwenyezi Mungu atubarikie sanduku letu na lenu. Amin.