Malengelenge ya Siri: Tujiuguze Nyumbani?
Msikilizaji, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 520 hivi, wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na virusi vya hepesi aina ya pili, chanzo kikuu cha malengelenge sehemu za siri. Wengi hujiuguza kimyakimya chumbani. Je, wanakosea?

Si lazima. Aliyekwisha kupimwa, anayezijua dalili zake, anaweza kujiosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akajikausha taratibu, akavaa chupi ya pamba isiyobana na kumeza parasetamoli. Mkojo ukichoma, ajimwagie maji huku akikojoa. Asijamiiane mpaka vidonda vikauke kabisa.

Sasa tutazame upande wa pili. Kidonda cha siri chaweza kuwa kaswende. Mjamzito aliyeambukizwa karibuni anaweza kumwambukiza mtoto wakati wa kujifungua. Na vidonge vya asaiklovia, ingawa havimalizi virusi mwilini, hupunguza siku za maumivu vikianzwa mapema.

Kinachowachelewesha wengi kwenda kupimwa ni aibu. Ndipo tunapouliza: zahanati zetu ziko tayari kumpokea mgonjwa huyu bila kumhukumu?