Kuondoa Karatasi na Gundi Kwenye Masanduku ya Mbao

Leo tutazungumza juu ya masanduku ya mbao. Wengi wetu hununua sokoni masanduku matupu yaliyokwisha kutumika, tukatia unga, mbegu au nguo. Ni jambo jema, kwani sanduku imara lafaa miaka mingi. Lakini ubavuni pana karatasi iliyobandikwa, imekusanya vumbi na uchafu. Je, tuibandueje?

Kwanza, isomeni. Msifanye haraka, wala msimwachie muuzaji awasomee. Pana neno SUMU? Pana neno HATARI? Pana picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili, au utepe mwekundu? Mkiona moja katika hayo, msiibandue, wala msilinunue sanduku hilo. Mbao hunyonya dawa kama zinavyonyonya maji. Hata ukilisugua kwa sabuni mara kumi, sumu iliyoingia ndani hubaki. Ukiondoa karatasi umeondoa onyo tu, na mwenzako atakayelipata baadaye atatia humo unga wa uji wa watoto.

Tazameni pia alama iliyochomwa au kupigwa muhuri kwenye mbao zenyewe. Humo tafuteni herufi mbili. HT maana yake mbao zilitiwa joto kuua wadudu. MB maana yake zilifukizwa kwa gesi iitwayo methili bromidi. La MB mimi nisingelitilia chakula.

Haya, sanduku ni salama. Lowesha kitambaa kwa maji ya moto kiasi, kikamue sana, kilaze juu ya karatasi robo saa. Gundi ya wanga italegea. Usimwage maji, kwa sababu mbao huvimba, na plaiwudi hufumuka.

Isipolegea, basi gundi hiyo ni ya namna ya kunata, isiyojali maji. Weka sanduku juani mpaka karatasi ipate moto, kisha bandua polepole kuanzia pembeni. Gundi iliyobaki ipake mafuta ya kupikia kidogo, ngoja, halafu kwangua kwa kipande cha mwanzi au mgongo wa kisu, ukifuata nyuzi za mbao. Mafuta huacha doa kwenye mbao zisizopakwa rangi. Jaribu kwanza chini ya sanduku. Wengine hutumia mafuta ya taa. Harufu yake hukaa ndani ya mbao na kuingia katika chakula, tena hushika moto upesi.

Malizia kwa msasa. Zamani mafundi walitumia majani ya mti uitwao msasa, yanayokwaruza kama ulimi wa paka, na karatasi ya dukani ikaitwa jina hilo hilo. Pangusa vumbi, kisha kausha kivulini penye upepo.

Kabla ya somo lijalo, tafuteni nyumbani vyombo vitatu vilivyobandikwa karatasi. Nakilini daftarini neno lililoandikwa kwa herufi kubwa kuliko yote katika kila karatasi, mje nayo kwa mwalimu. Kwaherini.