Nani Ameshika Usukani?



Wapendwa wasikilizaji, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zilikatika, intaneti ikazorota nchini. Je, siku ile moyo wako ulitulia, au ulihangaika?

Mwaka huohuo wataalamu wa University College London walichambua tafiti 12 zilizohusu vijana 237, wenye umri wa miaka 10 hadi 19, waliotekwa na intaneti. Mawasiliano kati ya sehemu za ubongo zinazomwezesha mtu kujizuia na kuamua yalionekana kupungua.

Mvuvi wa Kilwa Kivinje anajua: tanga likijaa upepo na usukani umelegea, chombo huishia mwambani. Kosa si la upepo.

Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alikataa kutawaliwa na jambo lolote, hata lililo halali. Basi wazazi na makatekista, kijana asiyeweza kuiacha simu hahitaji matusi. Anahitaji mtu wa kushika usukani pamoja naye. Tuanze sisi wenyewe: jioni ya leo simu zote ziwekwe kando, tule pamoja, tusali pamoja.

Kristo awe nahodha wetu. Amina.