Kazi Inayotangulia Tangazo: Haki za Vijiji na Mipaka ya Hifadhi za Taifa



Kwa mujibu wa Sheria ya Hifadhi za Taifa, Sura ya 282, hifadhi ya taifa huanzishwa na Rais, kwa ridhaa ya Bunge, kwa tangazo linalochapishwa katika Gazeti la Serikali. Tangazo hilo lina nguvu kubwa. Chini ya kifungu cha 6, tangu siku linapoanza kutumika, haki za watu juu ya ardhi iliyomo ndani ya mipaka hukoma moja kwa moja, iwe ni haki ya kuishi, kulima au kuchunga. Siupingi ukali huo, kwa sababu eneo lisilo na ulinzi wa sheria humalizwa na shoka na mifugo katika muda mfupi. Ninachotetea ni mpangilio wa kazi. Kwa kuwa tangazo linafuta haki, haki hizo zitambuliwe, zijadiliwe na zifidiwe kabla tangazo halijachapishwa. Hifadhi iliyoiruka hatua hiyo hudaiwa baadaye, tena kwa riba.

Ushahidi wa kwanza ni Serengeti. Wakoloni waliipa jina la hifadhi ya taifa mwaka 1940, wakatunga sheria maalumu ya hifadhi mwaka 1948, na mwaka 1951 hifadhi ikaanza kazi rasmi, ikiwa bado na Wamaasai na mifugo yao katika nyanda za mashariki na nyanda za juu za Ngorongoro. Swali la haki za wakazi hao liliachwa bila jibu. Kilimo kilipopigwa marufuku, mvutano ukakua hadi mwaka 1957 ikaundwa kamati ya uchunguzi chini ya Sir Barclay Nihill. Matokeo yake yalikuja mwaka 1959, pale eneo lilipogawanywa sehemu mbili: Serengeti ikabaki hifadhi isiyo na wakazi, na Ngorongoro ikapewa sheria yake ya matumizi mseto, ambamo mfugaji na mnyamapori wangeishi pamoja. Yaani jambo lililopaswa kuamuliwa kabla ya 1951 lilikuja kuamuliwa miaka minane baadaye, watu wakiwa wameshahamishwa na imani imeshapotea. Mjadala kuhusu wakazi wa Ngorongoro unaoendelea hadi leo una mizizi yake hapo.

Ushahidi wa pili ni wa karibu zaidi. Mwaka 2008 mipaka ya Hifadhi ya Taifa Ruaha ilipanuliwa ili kuingiza bonde la Usangu pamoja na ardhioevu ya Ihefu. Sababu ilikuwa nzito: tangu miaka ya 1990 Mto Ruaha Mkuu, unaopata maji kutoka ardhioevu hiyo, ulikuwa ukikauka wakati wa kiangazi, na mto huo ndio unaojaza mabwawa ya Mtera na Kidatu. Lakini tuangalie jinsi mpaka unavyoandikwa. Jedwali la tangazo huanzia nukta fulani, hufuata mto hadi unapokutana na mto mwingine, kisha hukata mstari ulionyooka kuelekea kigingi cha zege. Kwenye ramani mstari huo ni safi. Kule Mbarali, wilaya iliyomo katika bonde hilo, ulipita kwenye majaruba ya mpunga, kwenye vitongoji na kwenye vijiji vilivyosajiliwa na Serikali yenyewe. Mgogoro ukadumu takriban miaka 15, hadi mwaka 2023 Serikali iliporejea bungeni kuomba ridhaa ya kurekebisha mpaka uleule. Kilichotakiwa ni kutembea na wanakijiji juu ya mstari huo kabla ya 2008.

Sheria ya kutuongoza tunayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka ardhi ya kijiji inapohamishwa kuwa ya hifadhi itolewe taarifa ya angalau siku 90, wanakijiji wasikilizwe, na fidia ikubaliwe kabla ya uhamisho. Ibara ya 24 ya Katiba inakataza kumnyang'anya mtu mali yake bila fidia inayostahili. Tatizo ni kwamba Sura ya 282, sheria ya hifadhi tuliyonayo sasa, ilitungwa mwaka 1959, kabla ya haki hizi kuandikwa, na watendaji huisoma kana kwamba imesimama peke yake. Mfano wa njia tofauti ni Sheria ya Hifadhi za Bahari ya mwaka 1994, iliyozaa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Huko vijiji vimo ndani ya hifadhi, na eneo limegawanywa katika kanda: kuna kanda ya ulinzi kamili, na kuna kanda ambako mwenyeji huvua kwa zana zinazoruhusiwa huku baruti ikiwa marufuku. Mafia nako manung'uniko hayakukosekana, lakini mvuvi ana mahali pa kuyapeleka kisheria.

Wapo watakaosema kuwa mashauriano marefu huwapa wavamizi nafasi ya kujenga haraka ili wadai fidia. Hofu hiyo ni ya kweli, ila dawa yake ni kuhesabu watu, nyumba na mashamba siku ya kwanza na kuzuia kisheria maendelezo mapya wakati mazungumzo yakiendelea. Wengine watasema tembo na nyumbu hawawezi kuishi na mashamba kama samaki wanavyoishi na wavuvi. Nakubali, na ndiyo maana siombi kanda za Mafia zihamishiwe Serengeti. Naomba utaratibu wa kumsikiliza mwenyeji uhamishiwe huko, kisha hata kama uamuzi ni wa kuhama, ahame akiwa amelipwa.

Napendekeza basi Sura ya 282 irekebishwe ili Bunge lisipokee azimio la kuanzisha au kupanua hifadhi bila viambatisho vitatu: muhtasari wa mkutano mkuu wa kila kijiji kinachoguswa, ripoti ya mpaka uliokaguliwa ardhini kwa pamoja, na uthibitisho wa fidia. Mbunge anayepiga kura ya kufuta haki za watu anastahili kujua ni haki za nani, na askari wa uhifadhi anastahili kulinda mpaka ambao jirani zake wanautambua.