Dawa ya Kipimo cha Mtoto Mmoja

Leo tutasema juu ya bei ya dawa.

Nguo ya dukani ni rahisi: kiwanda hushona nyingi kwa kipimo kimoja. Nguo ya fundi hufuata mwili wa mtu mmoja, nayo ni ghali.

Ndivyo ilivyo dawa ya Kymriah, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2017 kwa watoto wenye saratani ya damu. Chembe nyeupe za damu ya mtoto hutolewa, hubadilishwa kiwandani ziweze kuishambulia saratani, kisha hurudishwa mwilini mwake. Hazimfai mwingine.

Bei ilitangazwa dola 475,000. Mzazi mmoja hauwezi mzigo huo. Huko hulipa bima au serikali, yaani wengi huchangiana. Pasipo mfuko wa namna hiyo, dawa ipo, lakini mtoto haipati.

Jadilianeni: nani alipe?