Jaji Aliyekaimu Urais



Kamati iliniandikia ikitaka nizungumze juu ya uongozi. Neno hilo ni pana mno kwa dakika kumi, kwa hiyo nimemchagua mtu mmoja tu, naye hatoki kwetu: Jaji Shahabuddin Ahmed wa Bangladesh. Aliingia Ikulu mara mbili. Nitakaa zaidi juu ya mara ile ya kwanza.

Wengi wetu hapa tumeishia serikalini, basi mtafurahi kusikia kwamba naye alianzia huko. Alizaliwa mwaka 1930, akasoma Chuo Kikuu cha Dhaka, na mwaka 1954 akaingia katika utumishi wa serikali ya Pakistan. Alifanya kazi ambayo wazee wetu wangeiita ya Bwana Shauri. Mwaka 1960 alihamishiwa upande wa mahakama. Pakistan Mashariki ilipokuwa Bangladesh mwaka 1971, hakukawia kuwa Jaji wa Mahakama Kuu.

Mwaka 1982 Jenerali Ershad aliipindua serikali. Mwaka 1988 Bunge lake lilibadili katiba na kuigawanya Mahakama Kuu katika miji sita nje ya Dhaka. Kusogeza huduma karibu na wananchi, nani atalipinga hilo? Lakini Septemba 1989 majaji watatu kati ya wanne wa rufani, Shahabuddin akiwemo, walitamka kwamba Bunge laweza kurekebisha katiba, lakini haliwezi kuzing'oa nguzo zake. Mgawanyo ukafutwa. Januari 1990 Jenerali huyo huyo akamteua kuwa Jaji Mkuu.

Mwaka huo haukwisha salama. Wanafunzi na vyama vya upinzani walijaa barabarani mpaka Ershad akakubali kuondoka. Swali likawa: amkabidhi nani? Vyama vilivyokuwa havisikilizani vilikubaliana juu ya mtu mmoja tu, Jaji Mkuu. Na tazameni utaratibu wake, ninyi watu wa majalada. Tarehe 6 Desemba 1990 Makamu wa Rais alijiuzulu. Jaji akateuliwa kushika nafasi hiyo. Kisha Rais mwenyewe akajiuzulu, na Makamu akawa Kaimu Rais. Hakuna hata kifungu kimoja kilichorukwa.

Jaji alikuwa ametoa sharti: kazi ikiisha, arudi kwenye kiti chake mahakamani. Sisi tunakujua kukaimu. Mtu hupewa barua ya miezi mitatu, na wiki ya pili keshabadilisha mapazia ya ofisi. Huyu alikabidhiwa nchi nzima, naye akauliza njia ya kutokea. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Februari 1991. Chama cha Bi Khaleda Zia kilipata viti 140 kati ya 300. Hata Ershad, akiwa gerezani, alichaguliwa katika majimbo matano, na hakuna aliyemzuia kugombea. Agosti 1991 Bunge lilirekebisha katiba ili kumruhusu Jaji arudi, na Oktoba akavaa tena joho lake. Alistaafu mwaka 1995.

Rafiki yangu mwanasheria huniambia kwamba jaji hana haki ya kutoka mahakamani kwenda Ikulu, hata kwa siku moja. Namwelewa. Maana wenzake waliupenda mfano huo wakaugeuza kuwa kanuni: mwaka 1996 katiba iliandikwa kwamba kila uchaguzi usimamiwe na serikali ya muda, na wa kwanza kuitwa kuiongoza awe Jaji Mkuu mstaafu wa mwisho. Kuanzia hapo kila mwanasiasa alihesabu ni jaji gani atastaafu lini. Mwaka 2004 umri wa majaji kustaafu uliongezwa kutoka miaka 65 hadi 67, na wapinzani wakasema wazi kwamba hesabu hiyo ilimlenga mtu fulani. Mtu huyo aliikataa kazi mwaka 2006 baada ya damu kumwagika mitaani, na Januari 2007 hali ya hatari ikatangazwa. Kwa maoni yangu kosa si la Shahabuddin. Yeye alikuwa dawa ya siku moja. Wao waliifanya chakula cha kila siku.

Mara ya pili alikuwa Rais kamili, kuanzia Oktoba 1996, kwa pendekezo la chama cha Bi Sheikh Hasina. Urais wenyewe ulikuwa umebaki wa heshima, kwani madaraka yalikuwa yamehamia kwa Waziri Mkuu. Bi Hasina aliposhindwa katika uchaguzi wa 2001, chama chake kilimlaumu Jaji kwa kutokisaidia. Novemba mwaka huo alikabidhi ofisi, akarudi nyumbani kwake Dhaka, akajitenga na siasa. Alifariki Machi 2022 akiwa na miaka 92.

Kama kuna maswali, Mwenyekiti ameniahidi dakika tano kabla ya chai.