Samaki Mja Mzito, Sebuleni na Baharini



Mazungumzo yetu ya wiki hii yanatokana na swali la msikilizaji mmoja wa Ngamiani, hapa Tanga. Anasema wanawe wana tangi dogo la kioo lenye samaki wa mapambo, na sasa mmoja wa samaki hao amevimba tumbo. Watoto wanasema ana mimba. Jirani anasema ni maradhi. Mama mwenye nyumba anauliza: nitajuaje, na kama ni mimba kweli, nifanye nini?

Wapo watakaolicheka swali hili. Watasema katika mji wenye shida za maji, nauli na ada za shule, nani ana nafasi ya kushughulikia uzazi wa samaki? Lakini mtu akishamfungia kiumbe ndani ya kioo, amejitwika dhamana yake, kwa sababu samaki yule hawezi tena kwenda kujitafutia mahali pa kuzalia. Kwa hiyo nitalijibu swali kama lilivyoulizwa, kisha nitawaomba tutoke sebuleni twende ufukweni, kwa kuwa jibu lake linatuhusu hata sisi tusiokuwa na tangi.

Kwanza ieleweke kwamba si kila samaki hubeba mimba. Walio wengi hutaga. Jike humwaga mayai majini, na dume huyarutubisha huko huko nje. Samaki wa dhahabu, yule mwekundu anayependwa na watoto, ni wa kundi hilo. Akijaa tumbo huwa ana mayai, hana mimba. Wanaozaa watoto walio hai ni wachache, na katika matangi ya majumbani wanaojulikana zaidi ni gapi na moli. Gapi asili yake ni Trinidad na kaskazini ya Amerika ya Kusini, na jina lake limetokana na Bwana Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka samaki hao London katika karne ya 19.

Kwa gapi, tazama kwanza kama aliyevimba ni jike. Dume ni mdogo, ana mkia mpana wa rangi nyingi. Jike ni mkubwa na rangi zake zimefifia. Akiwa mjamzito, tumbo hukua polepole, siku hadi siku, na karibu na pezi la chini, upande wa nyuma wa tumbo, huonekana doa jeusi linalozidi kukolea na kupanuka. Siku za kujifungua zikikaribia, tumbo hupoteza umbo la mviringo na kuonekana kama lina pembe, na jike hujitenga, akajificha kwenye kona au nyuma ya majani. Mimba yake huchukua mwezi mmoja hivi, mara nyingine pungufu kidogo. Wala usishangae akizaa tena mwezi unaofuata bila kuwekwa na dume, kwani jike wa gapi huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa.

Maradhi nayo yana dalili zake. Tumbo likivimba kwa ghafla, magamba yakasimama kama ya kakakuona, macho yakatokeza na samaki akasusa chakula, hiyo si mimba. Mtenge na wenzake, kisha angalia usafi wa maji.

Tuseme ni mimba. Tayarisha chombo cha pili, hata beseni pana la plastiki linatosha. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima ili dawa ya kuulia vijidudu ipungue, kisha changanya na maji ya tangi la zamani ili samaki asishtuke. Weka majani ya majini kwa wingi. Ukikosa, chukua kamba safi ya nailoni, ifumue nyuzi, uifunge kijiwe ili izame. Majani hayo si pambo. Gapi hana huruma ya mama, na mara tu baada ya kuzaa huweza kuwageukia vifaranga wake na kuwala. Kifaranga asiye na pa kujificha hafiki jioni. Mama akishamaliza kuzaa, mrudishe kwenye tangi kubwa.

Vifaranga wape kiini cha yai lililochemshwa, kilichosagwa kikawa kama vumbi, au chakula cha kawaida kilichopondwa sana. Wape kidogo kidogo mara tatu au nne kwa siku, na uondoe mabaki, kwa sababu chakula kinachooza huua wengi kuliko njaa. Pampu inayovuta maji ifunge sponji mdomoni wasinyonywe. Joto letu la Tanga linawafaa, hivyo huhitaji kifaa cha kupashia maji. Ila usipulize dawa ya mbu katika chumba hicho. Na watakapozidi, wagawie majirani wanaofuga, usiwamwage mtaroni wala mtoni, maana samaki mgeni huweza kuwasumbua wenyeji wa maji hayo.

Mimba ya gapi basi ni ya mwezi mmoja na inaonekana kwa macho. Lakini wapo samaki ambao usipowajua, hutatambua kwamba wana uzazi. Mfano ni perege wetu. Katika mkoa huu huu wa Tanga wapo perege ambao wanasayansi wamewapa rasmi jina la mji wa Korogwe. Jike wa jamii hii ya perege hutaga mayai, kisha huyachukua mdomoni na kuyaatamia humo mpaka yaangue. Utamjua kwa kidevu kilichotuna na kwa kususa chakula. Asiyejua atadhani anaumwa, na akimsumbua, samaki atayatema mayai kabla ya wakati.

Sasa, wasikilizaji, twende baharini. Nje ya miamba yetu, kwenye kina cha mita zaidi ya mia, anaishi silikanti. Wataalamu waliamini kwamba jamii yake ilikwisha tangu enzi za dinosauri, miaka takriban milioni 66 iliyopita, mpaka alipovuliwa mmoja karibu na mji wa East London, Afrika ya Kusini, mwaka 1938. Hapa Tanzania alipatikana Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003, na kuanzia mwaka 2004 wavuvi wa pwani ya Tanga wakaanza kuwanasa mmoja baada ya mwingine katika majarife, nyavu zinazotegwa kwenye kina kirefu kwa ajili ya papa.

Samaki huyu naye huzaa watoto walio hai. Jambo hilo halikujulikana kwa hakika mpaka mwaka 1975, wataalamu wa jumba la makumbusho la New York walipompasua silikanti aliyevuliwa Anjouan, Visiwa vya Komoro, mwaka 1962. Miaka 13 alikuwa amehifadhiwa, na tumboni mlikuwa na watoto watano. Mwaka 1991 jike mwingine alivuliwa pwani ya Msumbiji akiwa na watoto 26. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walihesabu alama za umri katika magamba ya silikanti na kutoa taarifa kwamba samaki huyu huweza kukaribia miaka 100, kwamba jike hafikii umri wa kuzaa mpaka awe na zaidi ya miaka 50, na kwamba mimba yake huchukua miaka mitano hivi.

Miaka mitano! Mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku mimba ile ilipotungwa atakuwa amefika darasa la sita. Linganisha na gapi. Ukimpoteza gapi mmoja leo, mwezi ujao mwenzake atalijaza tangi. Ukimpoteza silikanti mmoja mja mzito, umepoteza mama wa miaka zaidi ya 50, umepoteza mimba ya miaka mitano, na watoto ambao nao wangehitaji nusu karne kabla ya kuzaa. Tena huyu hatuna doa jeusi la kutuonyesha. Mvuvi akivuta jarife usiku hana namna ya kujua aliyenasa amebeba nini, na kumrudisha hakusaidii sana, kwani samaki wa maji ya baridi ya kilindini akifikishwa juu kwenye joto huwa amekwisha choka.

Simlaumu mvuvi. Yeye alimtafuta papa, na silikanti hana soko la maana, kwani nyama yake imejaa mafuta na humwendesha tumbo anayeila. Ndiyo maana matayarisho ya uzazi wa samaki huyu hayawezi kuachiwa mtu mmoja. Mwaka 2009 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye eneo la kilomita za mraba 552, pamoja na visiwa vya Yambe na Karange. Hilo ndilo beseni letu la pili. Lakini beseni bila matunzo halifugi kitu. Jarife la kina kirefu likiendelea kutegwa kwenye ukingo wa mwamba, tangazo la hifadhi litabaki karatasi.

Nao mnunuzi wa mjini ana sehemu yake. Mikoko na majani ya bahari ndiyo maficho ya vifaranga wa tasi na changu tunaowala kila siku, sawasawa na yale majani ya kwenye tangi. Baruti, iliyoitesa pwani hii kwa miaka mingi, haichagui mama wala kifaranga. Ukimkuta samaki sokoni nyama yake imelegea, mfupa wa mgongo umevunjika na matumbo yamepasuka, huyo huenda ameuawa kwa baruti. Mwache hapo hapo, hata kama bei yake ni nafuu. Unafuu huo atakuja kuulipa mwanao, siku atakapofika sokoni akute meza tupu.

Kwa leo ni hayo. Tukutane tena wiki ijayo, panapo majaliwa. Kwaherini.